Mjane wa Ukurasa wa Saba

Mimi ni mwoga, na sikuanza jana. Utotoni nikitumwa dukani nilikuwa naimba njia nzima, ili mbwa wa watu wajue napita kwa heri. Kwa hiyo wanaonifahamu hushangaa wakisikia kwamba katika miaka ya tisini, pale Ifakara, nilikuwa mmoja wa wanawake wawili waliokuwa wakitoa kijarida bila kibali cha mtu yeyote. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Yeye alikuwa na ujasiri, mimi nilikuwa na ufunguo.

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa chumba cha mashine ya kudurufu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ndogo ya mjini, na Jumamosi mchana ofisi ikishafungwa, sisi wawili tuliingia kwa mlango wa nyuma. Niligonga maneno kwenye stensili, nikikosea napaka ile dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, nasubiri ikauke, nagonga tena. Kisha mwalimu alizungusha mkono wa mashine, mimi nikapokea karatasi moja moja na kuzitandaza sakafuni zikauke. Kurasa kumi na mbili, pini mbili katikati, basi. Karatasi tulinunua wenyewe lakini wino ulikuwa wa ofisi, na wino huo peke yake ulitosha kuninyima usingizi.

Tuliandika mambo ya wanawake wa bonde letu. Nani analima na nani anauza. Mwanamke wa Kisukuma, aliyehamia na mumewe na ng'ombe, alitusimulia anavyochekwa sokoni kila akifungua mdomo. Mkunga mmoja alieleza kwa nini ameacha kazi. Hatukutaja jina la mtu hata mara moja, wala yetu hayakuwamo. Vyama vingi vilikuwa bado vigeni, na watu waliokipokea kijarida walituuliza sisi ni wa chama gani. Tukijibu hatuna chama, walikunja uso, maana mtu asiye na chama anatumwa na nani? Nilianza kumwogopa kila mwanamume mwenye shati safi na kalamu mfukoni. Siku moja alikuja mmoja ofisini akaketi kunitazama robo saa nzima, mate yakanikauka. Kumbe alikuwa anauza bima.

Ndipo akaja mjane wa Lupiro. Alivuka na pantoni ya Kivukoni kuja kliniki, mtu akamwelekeza kwa mwalimu, mwalimu akamleta kwangu. Alikuwa na watoto watatu na majaruba ya mpunga aliyoyafungua yeye na mumewe tangu palipokuwa pori. Mume alifariki. Katika ukoo wa mume huyo, siku ya kuanua tanga mjane hupewa bakuli la maji mbele ya watu, na mwanamume atakayempa anywe ndiye atakayemrithi. Akimpa mtoto wake mwenyewe, amesema bila kusema kwamba hataki kurithiwa. Yeye alimpa mwanawe wa kiume.

Shemeji yake alinyamaza siku ile. Alingoja mpunga uanze kuchanua, akaja mchana kweupe na panga, akakata nguzo za dungu, kile kibanda cha juu ambamo mjane alikuwa anakaa kuamia ndege. Mjane na watoto walikuwa chini wakitazama, na mtu mwingine hakuwepo. Shemeji akamwambia shamba la kaka yake halilimwi na mtoto, akawafukuza.

Mjane alisimulia yote hayo huku ameshika pindo la kanga yangu, kama mtu anayeogopa nitaondoka. Mwalimu alifurahi mno, kwa jinsi watu wa maandishi wanavyofurahia shida ya mwenzao. "Mama, mficha uchi hazai," alimwambia. "Ukisema wewe, watasema na wengine."

"Nimesema. Lakini nifiche," mjane akajibu.

Nikamficha. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote, maana kujificha nakujua. Lupiro niliifanya Kivukoni, kijiji cha upande wetu wa mto. Watoto watatu wakawa wawili. Mtoto wa kiume aliyekunywa maji yale akawa wa kike. Mwalimu alisoma akasema hata mama yake mzazi hawezi kumtambua, tukauweka ushuhuda kwenye ukurasa wa saba. Wote wawili tumezaliwa bondeni, na wote wawili tulisahau jambo ambalo mtoto wa huko angetukumbusha, kwamba bakuli lile haliko katika ukoo mmoja tu. Liko kando zote mbili za mto.

Wiki tatu baadaye nilikuwa uani kwangu Kibaoni napepeta mchele. Mwanamke wa rika langu alipiga hodi, akaingia na kijarida chetu mkononi. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Dada, wewe ndiye mwandishi wa hiki?"

Nilisema si mimi. Nilisema hivyo na wino umejaa kwenye kucha. Aliutazama mkono wangu, akaendelea kama hakusikia.

"Mimi natoka Kivukoni. Mume wangu alifariki mwaka jana. Nina watoto wawili. Kwenye tanga nilimpa binti yangu bakuli."

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele ulimwagika wote, na kuku hawakungoja kukaribishwa.

Shemeji yake, alinieleza, hakumfanyia ubaya wowote. Siku ya bakuli alicheka, akamwambia alime alee watoto wa kaka yake, na dungu alimjengea yeye mwenyewe. Sasa mtu amemsomea ukurasa ule kilabuni mbele ya wenzake, kwamba shemeji wa Kivukoni ni mlevi, mnyang'anyi, anakatia wajane nguzo. Wamemcheka mpaka ameondoka bila kumaliza pombe yake. Tangu hapo hapokei salamu. Kitu pekee alichosema ni hiki: "Kwa kuwa nimeshaandikwa mnyang'anyi, acha ninyang'anye."

"Jumamosi ukoo unakaa," mwanamke akasema. "Wanasema nilikuja huku kumtukanisha. Njoo useme aliyesema ni nani. Usipokuja, mimi na watoto hatuna pa kwenda."

Nilimkimbilia mwalimu shuleni. Alinisikiliza amesimama mlangoni mwa darasa, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya gwaride ilipungua. Alisema yeye ni mtumishi wa serikali. Alisema wakimhamisha, mama yake mgonjwa atabaki na nani? Sikumlaumu, au tuseme nilimlaumu sana lakini kimoyomoyo. Mficha uchi hazai, nikawaza, mpaka uchi uwe wake.

Kesho yake nilivuka peke yangu. Kwenye pantoni viboko walikuwa wakikohoa upande wa matete, nami viboko nawaogopa tangu zamani, ila siku hiyo sikugeuka hata kuwaangalia. Ng'ambo nilipanda nyuma ya baiskeli hadi Lupiro. Nilikuwa nimejiambia kwamba mjane mwenyewe atanihurumia, atasema nenda kanitaje.

Nilimkuta kwa kaka yake, anachambua mbegu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa maji. Nilipomaliza kusimulia, mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Huyo mwenzangu ananiuma," alisema. "Lakini baada ya mavuno napeleka jambo langu barazani. Yule mtu akijua sasa hivi kwamba nimemtangaza, barazani sitafika. Ana panga lile lile. Usinitaje, mwanangu."

Nikamwahidi. Ningefanyaje?

Jumamosi nilikuwa Kivukoni saa nne asubuhi, nimekaa mkekani katikati ya ukoo wa watu. Uani perege walikuwa wakikaangwa. Mwanamke yule alikaa pembeni na watoto wake wawili, kichwa chini. Shemeji alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliozidi kunitisha, kwa sababu mtu anayefoka angalau unajua hasira yake iko wapi.

"Binti, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Nitajie mwenye maneno haya. Au kama ni mimi, niambie hapa mbele ya watoto wa kaka yangu ni lini niliyafanya."

Nilimtazama mjane huyu wa mbele yangu. Nilimfikiria yule wa ng'ambo. Sikuwa na pa kutokea. Mdomo wangu ukapata njia kabla ya akili.

"Nilitunga, baba."

"Ulitunga?"

"Nilitunga tu. Kichwani."

Mzee mmoja akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, "Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyefanyiwa haya?"

"Hakuna," nikasema.

Bibi mmoja, mtani wa ukoo ule, alidakia. Alisema kama ninajua kutunga hivyo, basi nitunge na mvua, maana mwaka huu imechelewa. Watu walicheka, na shemeji mwenyewe akacheka, akafuta macho. Aliwaita watoto wa kaka yake wakae karibu naye. Nililetewa ugali na samaki, wakanitania mpaka nikaondoka, na mwanamke yule alinisindikiza hadi barabarani amenishika mkono. Shamba lake lilikuwa limepona. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtoto. Nilijiona nimekuwa mtu mwerevu, niliyewaokoa wanawake wawili kwa neno moja.

Kijarida tulikiacha. Hatukukubaliana kukiacha, ila Jumamosi iliyofuata mwalimu hakuja, nami sikumfuata.

Mpunga ulivunwa. Ndipo mjane wa Lupiro alinitumia ujumbe kwa mtu wa pantoni: amesimama barazani, amesema mambo yake yote kwa mdomo wake mwenyewe, na baraza limeahirishwa hadi Jumanne. Niende haraka. Sababu sikuelezwa, lakini niliijua. Nilifikiria kusema nina malaria.

Nilikwenda. Baraza lilikaa ndani ya darasa, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafikia kifuani. Shemeji wa Lupiro nilimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi wa kawaida, ana mafua. Nilikuwa nimemwogopa miezi yote hiyo bila kuijua sura yake, na sasa nilipoiona nilimwogopa zaidi, kwa sababu alikuwa ametulia. Aliinuka akasema mwanamke huyu amekariri kijarida cha Ifakara. Mambo ya panga, mambo ya dungu, yote yameandikwa mle, na mwandishi alikiri Kivukoni mbele ya ukoo mzima kwamba aliyatunga. Alikuwa amekuja na watu wawili waliokuwepo. Mmoja wao nilimkumbuka. Ndiye aliyenisogezea maji ya kunawa siku ile.

Mwenyekiti wa baraza alinisimamisha.

"Binti, maneno haya uliyatunga au ulisimuliwa?"

"Nilisimuliwa. Na mama huyu hapa."

"Na Kivukoni ulisema nini?"

"Nilisema nimetunga."

"Uliulizwa kama yupo mwanamke aliyefanyiwa haya?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu?"

Nilimtazama mjane. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunjia upande, kanga kaifunga vizuri kama anayekwenda kanisani.

"Nilijibu hakuna."

Mwenyekiti hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliuliza tu kama nilidanganya siku ile au ninadanganya leo, nikasema siku ile. Karani akaandika. Mzee mmoja akauliza watajuaje, na darasa zima likanisubiri mimi. Nilianza kueleza habari za mwanamke wa Kivukoni, bakuli, watoto wawili badala ya watatu, Lupiro kuifanya Kivukoni. Kila nilichoongeza kilizidi kuonyesha jinsi ninavyojua kubadilisha mambo. Mwishoni nilikaa kabla sijamaliza sentensi.

Walitoka nje kushauriana, wakarudi upesi. Majaruba yatabaki kwa ukoo wa marehemu mpaka mama alete shahidi mwingine, asiye mtoto wake, aliyeona nguzo zikikatwa. Wote mle ndani tulijua kwamba walioona ni yeye na watoto wake tu.

Watu waliondoka. Nilimfuata mjane hadi kwenye njia ya kwa kaka yake, nikaanza kuomba msamaha, maneno yakinitoka ovyo na machozi na kamasi. Nilimwambia nilikuwa naogopa. Nilimwambia yeye mwenyewe alinikataza nisimtaje. Alisimama akaningoja nimalize. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka.

"Ni kweli nilikuambia usinitaje," alisema. "Sikukuambia useme sipo."