Bunduki ya Rangi na Mwizi wa Jumapili

Shule niliiacha darasa la nne na sijairudia hata kwa ndoto. Lakini nitajieni mtu mmoja, kutoka Laare mpaka Embu mjini, ambaye miaka ile ya tisini angeunda bunduki ya kupiga rangi kwa mikono yake mwenyewe. Hayuko. Niko mimi.

Nasema ya rangi, si ya risasi, maana kuna watu wakisikia neno moja wanakimbilia polisi. Niliiona kwenye ranchi ya mzungu mmoja, nilikoitwa kutengeneza pampu ya maji. Alikuwa na ng'ombe wakali wasiokaribiwa. Basi anasimama mbali, anabonyeza, kidonge cha rangi kinaruka na kupasukia ubavuni mwa ng'ombe, doa hilo la kumtia alama. Nikamwomba aniazime. Akacheka. Nikajiambia, cheka tu, jicho langu limeshaifungua yote, skrubu kwa skrubu.

Niliitaka kwa sababu ya ndugu yangu. Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mimi ni wa mama mdogo, na shamba nililopewa lina miti ya miraa ya zamani, aliyoipanda babu, mpakani kabisa na shamba la huyo wa mama mkubwa. Kila Jumapili, watu wakiwa kanisani, miti yangu ilivuliwa nguo ikabaki vijiti. Nilijua ni yeye. Nilishamwona kwa mbali akishuka na koti la kijivu. Nikampeleka kwa wazee wa ukoo.

"Ulimwona uso?" wakauliza.

"Niliona koti."

Ndugu yangu akasimama, koti lenyewe mwilini, akageuka huku na huku kama bibi harusi. "Wazee, makoti haya yameletwa Kangeta kwa marobota. Kamateni soko lote! Na miti yenyewe sijaikwea tangu nizaliwe. Alikuwa akiikwea marehemu baba peke yake. Mguu wangu haujui hata unaanzia wapi."

Wazee wakacheka, hata yule asiye na meno. Halafu wakakata maneno: nikimtaja tena bila ushahidi, miti ya mpakani itakuwa yake, iwe fidia ya jina nililolichafua. Miti ya babu, apewe mwizi wake!

Nikarudi Embu kwenye karakana yangu. Mtungi wa hewa niliutoa kwenye kizimamoto kibovu. Vali nilivua kwenye mashine ya kupulizia kahawa dawa, mtutu ni kipande cha bomba la maji nililolisugua ndani mpaka likang'aa, na kifyatulio ni breki ya baiskeli. Vipande vile havikuwa vimezaliwa pamoja. Kila kimoja kilimkataa mwenzake, hewa ikavuja huku na huku, nikakata washa za ngozi za kuziba viungo, nikaziloweka mafuta, nikavilazimisha vikae. Jirani yangu, fundi wa viatu, alikuwa akipita kila mara kunichokoza.

"Bosi, hiyo ni bunduki ama ni jiko la uji?"

"Ikiiva nitakupiga kikombe cha kwanza," nikamjibu. Alipunguza kupita.

Vidonge ndivyo vilivyonitoa jasho. Nilinunua nta kwa wafuga nyuki wa Mbeere, nikaikandamiza kwenye kibao nilichochonga mashimo, nusu kwa nusu, nikaziunga kwa kisu cha moto, nikajaza ndani kwa sindano ya ng'ombe. Sikujaza rangi ya geti. Nilijaza ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ambayo ikigusa ngozi yako utazeeka nayo kidogo. Nikaenda kuijaribu huko huko Mbeere kwenye joto, nikapiga gunia lililoning'inizwa. Pa! Zambarau tupu. Hakuna kidonge kilichokataa.

Jumapili nikajificha kwenye migomba yangu, juu kwenye milima ya Nyambene. Ukungu ulikuwa umelala shambani na baridi inauma masikio. Kengele ya kanisa ilipolia, akaja. Koti lile lile. Akapanda, akakaa kwenye panda ya juu akinipa kisogo, akaanza kuvuna miraa yangu akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani! Nikalenga, nikafyatua.

Kidonge kikampiga mgongoni, kikadunda, kikaanguka kwenye majani kama jiwe. Hakikupasuka. Akajikuna, akatazama juu kama mtu aliyeangushiwa tunda na ndege, akaendelea.

Hapo nikaelewa. Nta ya joto la Mbeere, Nyambene imekuwa mfupa. Nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwetu angefanya na kitu anachotaka kikae na kilainike: nikavitia vidonge vilivyobaki shavuni, kama miraa, nikatulia. Kimoja kikanipasukia mdomoni. Kichungu, jamani! Lakini sikutema, angenisikia. Nikachukua cha pili, laini sasa, nikafyatua. Kikampasukia shingoni. Aliruka chini akaacha hata kitita alichokwisha kukifunga.

Kesho yake nikamwitisha mbele ya wazee, akaja amejifunga skafu mpaka masikioni. Wakamwambia afungue. Shingo ya zambarau. Mimi nilikuwa nimeketi kimya, mkono mdomoni, na kila anijuaye anajua mimi si mtu wa kukaa kimya.

"Mwambieni naye afungue mdomo," akasema ndugu yangu.

Nikafungua. Kicheko kikawashika, mmoja akaangusha bakora.

"Basi kama rangi ndiyo wizi, huyu ameiba kwa meno!" ndugu yangu akapiga kelele. "Alikuja akanipaka nikiwa kwangu. Mimi na mti wake wapi na wapi? Nipeni miti yangu!"

"Twendeni kwenye mti," nikasema.

Tukaenda. Kwenye panda ya juu, gome lilikuwa limerukiwa na zambarau. Mzee asiye na meno akainua macho akatazama, kisha akamwambia ndugu yangu, "Panda ukae pale, tuone kama shingo yako inafika."

Akapanda. Mti wa miraa wa zamani una ngazi zake, kigingi hapa, kovu pale, na zimejificha. Mgeni huzipapasa, huteleza, humwuliza mwenye mti. Yeye alipanda akibishana nasi, uso umetugeukia, miguu ikitafuta kigingi na kukipata bila kuangalia, kulia, kushoto, mpaka juu. Akakaa. Alipoacha kubishana, macho yetu yote yalikuwa kwenye miguu yake.

"Shuka," mzee akasema.

Alitozwa kondoo dume na asali, na akakatazwa kukanyaga mpaka wangu. Miti ikabaki yangu. Kwa desturi mkosaji na mkosewa lazima wale nyama ile kutoka sahani moja, ili maneno yaishe. Nikala mbavu zilizonona, yeye akabaki na mifupa, nikamtazama machoni nikitafuna polepole. Wazee wakasema sasa yameisha.

Yao yaliisha.