Upande wa Kushoto wa Piano

Baba alipopata kiharusi, mkono wa kulia haukuguswa. Wa kushoto ndio uliolegea. Alikuwa amefundisha kwaya tangu mimi sijazaliwa, na kitu cha kwanza alichouliza hospitalini, ulimi ukiwa bado mzito, ni kama atapiga tena piano. Daktari alimjibu kwamba vidole vikifanyishwa kazi kila siku vitarudi, vikiachwa vitajikunja. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mwenyewe, nimesimama miguuni pa kitanda.

Piano ilikuwa nyumbani kwetu Bangwe, Kigoma, sebuleni. Kanisa liliponunua kinanda cha umeme, ile ya zamani ilikosa pa kuwekwa, wakampa Baba. Wanaume sita waliibeba huku wakiilaani kimoyomoyo, maana mtu halaani hadharani kitu cha kanisa. Ziwa liko karibu mno na nyumba. Mvua zikianza mbao zinajaa unyevu, milango inagoma kufungwa, na vile vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza vinakuwa vizito. Baba alishavizoea. Alivibonyeza kwa nguvu zaidi, na kiangazi kikirudi vililegea vyenyewe.

Mwaka ule mvua zilimkuta katikati ya mazoezi. Kila asubuhi baada ya chai alikaa kwenye piano akapiga ubeti mmoja wa wimbo wa ibada, mkono wa kulia ukienda mbele na wa kushoto ukijikokota nyuma yake. Alikuwa amefika mbali. Alishaweza noti nne za besi mfululizo bila kukosa, na alikuwa amemwahidi mchungaji kwamba Pasaka atapiga kanisani. Halafu vibao vikaanza kukwama.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoingia. Sisi watu wa Kigoma mawese ni dawa ya kila kitu: bawaba ikilia, mawese, mtoto akikohoa, mawese, panga likishika kutu, mawese. Tuna michikichi yetu Mwandiga, na chupa haikosekani jikoni. Baba alitukataza tangu utotoni kuigusa piano kwa chochote zaidi ya kitambaa kikavu. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, nashinda nikisahihisha watoto wa watu, nikaona sihitaji ruhusa kwa jambo dogo kama hilo. Jumapili moja, Baba akiwa kanisani, nilichukua unyoya wa kuku, nikauchovya kwenye mawese ya uvuguvugu, nikaupitisha katikati ya vibao. Upande wa kushoto tu. Huo ndio uliokuwa wa mkono mgonjwa, nikataka niurahisishie kazi.

Siku mbili vikawa laini, nikajisifu kimya kimya. Kufikia mwisho wa wiki mawese yalikuwa yameshuka hadi kwenye vitambaa vya sufi vilivyo chini ya kila kibao, vikavimba na kunasa vumbi. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona siku ile ni Baba anabonyeza na kibao hakishuki, au kinashuka na hakirudi. Upande wa kulia piano iliimba vizuri. Alisogeza kiti, akajaribu tena. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaupapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mkono unarudi nyuma, mwana wanje," aliniambia, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu.

Alipokwenda kuoga, nilibonyeza mwenyewe. Kidole changu kizima, kisicho na ugonjwa wowote, kilishindwa. Nikajua.

Ningepaswa kusema siku ileile. Mpaka leo najikasirikia, kwa sababu hapakuwa na cha kuogopa. Baba hakuwa mtu wa kugombeza. Niliona aibu, basi. Nikajipa moyo kwamba nitaitengeneza kwanza, nimweleze mambo yakiwa yamekwisha, tucheke. Nilifuta kwa kitambaa, nikajaribu mafuta ya taa, nikazidi kuharibu. Nikampigia simu fundi wa vinanda aliyeko Dar es Salaam, akasema atapanda treni akimaliza kazi alizonazo. Nikamngoja. Huku nyuma Baba alipiga kila siku pungufu ya jana, mpaka asubuhi moja akaifunika piano. Pasaka akapiga mwingine. Ule mpira wa kuminya aliopewa hospitalini akauweka juu ya kabati. Nilimwomba aendelee, nikamkumbusha maneno ya daktari, nikamwambia huenda ni mvua tu. Akasema mvua anaijua, ingegomesha pande zote mbili. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikaenda kuosha vyombo.

Fundi alifika kiangazi. Vidole vya Baba vilikuwa vimeshajikunja kiganjani, na nilikuwa nikimkata kucha ili zisimchome. Fundi aliifungua piano mbele yake, akatoa vibao kimoja kimoja na kuvigeuza. Vya kushoto vilikuwa na rangi ya chungwa kwa chini. Akanusa kimoja.

"Mzee, nani alitia mawese humu?"

Baba alinitazama mimi.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Kabla ya Pasaka. Nilitia upande wa kushoto tu."

Akageuza macho kwenye vile vibao. Fundi naye, ambaye tangu nilipompokea stesheni alikuwa hafungi mdomo, aliinamia kazi yake. Alisafisha na kubadilisha vitambaa kwa siku mbili, na siku zote mbili Baba alikaa sebuleni akimwangalia. Kwangu alizungumza habari za chai na chumvi tu.

Fundi alipoondoka, Baba aliniita akataka nimwekee mkono kwenye piano. Nilivikunjua vidole vyake kimoja kimoja, vikanipinga, nikavilaza juu ya vibao vya besi. Vibao vikashuka kwa uzito wa mkono peke yake, bila yeye kubonyeza. Sauti ikajaa sebuleni.

"Kumbe mkono ulikuwa unapona," alisema.

Nilingoja aunyanyue. Alijaribu, niliona bega likipanda. Mkono ukabaki palepale, tukaisikiliza ile sauti mpaka ikaisha.