Mlango wa Mnana

Katika wiki ya Uhuru shule yetu ya Mwanza ilitangaza mashindano ya kuchora. Picha moja tu ingetundikwa ukumbini, nami niliitaka iwe yangu. Kipaji sikuwa nacho, kwa hiyo niliamua kunakili.

Shuleni tulikuwa na kitabu kikubwa cha picha za ndege wa nchi za mbali, kilichochorwa Ulaya zamani sana. Baadhi ya ndege hao wa mbali walilala kwenye matete nyuma ya nyumba yetu. Nilichagua mnana, yule mdogo wa manjano. Kitabuni alikaa juu ya kiota kilicho wazi. Nikanakili siku tatu, kisha nikamwonyesha mama, aliyesuka vikapu na kuviuza penye kivuko cha kwenda Kamanga.

"Hiki ni kiota au bakuli la uji?"

"Mama, kitabu kimetoka Ulaya."

"Na ndege naye amekuja na meli? Mvua ikinyesha, watoto wake wataogelea?"

Nilinuna. Kesho yake nikaenda kwenye matete, nikatazama nilichokuwa nakipita kila siku. Kila kiota kilikuwa na paa, na mlango umeelekea chini. Nadhani mchoraji wa kile kitabu aliletewa ndege aliyekaushwa ndani ya sanduku, kiota akaazima kwa ndege wa kwao. Nikafuta, nikachora upya.

Mwalimu wa kuchora aliiweka picha yangu kando. "Umenakili vibaya. Kitabuni hakuna paa."

Jioni nikamweleza mama. Asubuhi alitokea darasani na kiota kikuukuu na ndoo ya maji.

"Mwalimu, naomba chaki yako."

Akaiingiza ndani ya kiota, akakitundika dirishani, akakimwagia ndoo nzima. Maji yalitiririka hadi kwenye viatu vya mwalimu. Mama akapenyeza vidole kwa chini, akaitoa chaki.

"Haya, andika."

Mwalimu akaandika ubaoni. Chaki ilikuwa kavu kabisa. Akaanza kucheka kabla yetu.

"Mama, kitabu kimeshindwa!" mwalimu akasema.

Chuo kikuu baadaye kilinifundisha kwamba hilo huitwa jaribio la kisayansi. Mama aliliita kumwaga maji.

Picha yangu ilitundikwa ukumbini. Ndege mwenyewe alifanana na kifaranga mwenye matubwitubwi, lakini nani alimtazama? Wazazi walijazana mbele yake wakionyeshana ule mlango, na mama yangu katikati yao, akiwaeleza kwa sauti kubwa ulivyosukwa.