Kikohozi cha Pampu ya Lajeiro

Shangazi Zulmira aliipaka mafuta pampu ya kisima cha kijiji chetu cha Lajeiro miaka kumi na mmoja bila mshahara, akisema inakohoa kama marehemu mumewe: vikohozi viwili vikavu, kisha kimoja kirefu cha kulalamika. Pampu ilipotoweka, alirudi kuteka maji bwawani na punda, mwendo wa saa mbili. Punda alinuna. Yeye hakununa.

Watu walisema meya Adauto ndiye aliyeichukua. Shangazi aliwabishia wote. Adauto alikuwa kompadre wake, aliyemsimamia binti yake ubatizo, na kwetu kompadre hanyimwi kura. Alishampa mara tatu. Picha yake ya kampeni aliibandika mlangoni, na kila alfajiri alipotoka na madumu aliisalimia.

"Hajahukumiwa," alikuwa akisema.

"Na wewe hujaoga, dada," alimjibu jirani yake Deusdete, fundi cherehani.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, Adauto alialika kijiji kizima shambani kwake kula mbuzi. Shangazi, kwa haki ya komadre, mama wa binti aliyebatizwa, aliingilia mlango wa jikoni bila hodi. Alikuwa akijipakulia maharage aliposikia sauti nyuma ya zizi, kwenye mipapai iliyolowa maji: kho, kho, khooo. Kijiko kikabaki hewani. Adauto akaiashiria bendi ya karamu iongeze sauti.

"Kompadre, nini kinakohoa?"

"Mbuzi, komadre. Vumbi hili."

"Mbuzi anayemwagilia mipapai?"

Adauto akamnong'oneza kwamba hakuiba, ameihifadhi tu isije ikaibiwa.

Njiani kurudi, shangazi alisimama kwenye daraja. Hapo akamwambia Deusdete kwamba Adauto ana mgongo mbovu, asingeweza kuibeba pampu ile peke yake. Kura tatu alizompa yeye mwenyewe ndizo zilizomshikia upande wa pili.

Siku ya uchaguzi vidole vya shangazi vilibonyeza namba ya Adauto kwa mazoea, na uso wake ukatokea kwenye mashine ya kura ukitabasamu. Foleni nzima ilimsikia akiuambia, "Samahani, kompadre," kisha akabonyeza kitufe cha kusahihisha.

Adauto alishinda hata hivyo. Kesho yake alfajiri, akiwa bado na nguo za kulalia, alimkuta shangazi jikoni kwake shambani na madumu manane. Nyuma yake alisimama punda, na nyuma ya punda, nusu ya Lajeiro na ndoo.

"Wewe sawa, komadre. Na hawa?"

"Hawa ndio waliokupa kura. Mimi nilikunyima, nimekuja kuomba radhi," akasema shangazi, akimvuta punda apite mlangoni. "Na maji."