Nilikataa pia ya goti irudishwe mpaka hedimani aione

Wakuu, salamu kutoka Embu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Nimepita miaka themanini na naandika kwa simu yangu, bila mjukuu kunishikia. Diploma yangu ya physiotherapy niliitafuta ng'ambo kwa jasho langu, nikarudi nayo. Sikubebwa na mtu.

Sasa sikieni.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya hamsini, nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulifungiwa kijijini, baba yuko detention, kizuizini kwa wakoloni. Kila asubuhi wanawake na wasichana tulichimba handaki kuzunguka kijiji chetu wenyewe. Kila mmoja alipimiwa hatua zake za kuchimba.

Siku moja niligeuka na karai la udongo, mguu ukabaki kwenye matope. Pia ya goti ikahama, ikakaa pembeni mwa goti. Nimezaa watoto watano, na bado sijaona uchungu kama ule.

Mama alinishika paja, akanyoosha mguu polepole. Pia ikarudi yenyewe.

Hedimani, msimamizi wetu aliyewekwa na mkoloni, alipofika akakuta uvimbe tu.

"Hili goti huugua saa ya kazi?" akauliza, homgadi wake, askari wenyeji wa serikali, wakacheka. Nikarudishiwa karai.

Mwezi uliofuata ikahama tena. Mama akainama. Nikamshika mkono.

"Usiguse. Leo aone."

"Utaharibu mguu, mwanangu."

"Wacha aone."

Nilikaa juu ya udongo tangu asubuhi hadi jua likageuka. Mama alichimba huku akilia kimya, maana kusimamisha jembe ilikuwa fimbo.

Hedimani akaja, akaangalia.

"Kumbe ni kweli," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Basi utachimba hatua zako na zake."

Pia ikarudishwa, mimi nikapumzishwa. Mama akachimba mara mbili mpaka handaki likaisha. Mgongo wake haukunyooka tena, na mimi nachechemea hadi leo.

Funzo: mtoto akisema pia ilihama, nanyi mkaikuta mahali pake, mwaminini. Mara nyingi hurudi mguu ukinyooshwa. Ikikwama, msiilazimishe. Hospitali, apigwe x-ray, halafu mazoezi ya paja kwa miezi, hata akinung'unika. Nimetibu magoti mengi ya watoto, na hakuna hata mmoja niliyemwomba ushahidi.

Kama nawe uliwahi kuambiwa unajifanya mgonjwa, andika hapa chini. Usiweke picha. Nitakuamini bila picha.