Kompresa Iliyosingiziwa Kifo

Jumanne, tarehe 17 Februari. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, lami mbele ya gereji imelainika.

Fundi wa AC za magari katika gereji ile ni mwanamke mnene, mpole, wanayemwita Mama Barafu. Gereji ni ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Kwa miaka mingi Mama Barafu aliziba pancha nje, kwenye vumbi, mpaka shemeji alipomkubalia aingie ndani ashike AC. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, na siku ile nusura imponyoke.

Dereva wa teksi alikuwa amerudi tena, shati limemganda mgongoni.

"Dada, AC hii inanidhalilisha. Asubuhi baridi tamu, mchana inapuliza moto. Abiria wanashuka wamelowa kama wametoka kuoga."

Kila alipokuja, Mama Barafu aliipima akaikuta nzima. Sasa shemeji akachoka.

"Kompresa imekufa. Ng'oa, weka nyingine."

"Haijafa, shemeji."

Hata fundi wa breki, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliacha kugonga.

"Unanibishia mbele ya mteja?"

"Sikubishii. Niachie nipime mara moja tu."

"Haya, pima. Lakini ukikosea, kesho unarudi kwenye pancha. Na sitanii."

"Leo Mama Barafu atayeyuka!" akadakia fundi wa breki, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Mama Barafu mwenyewe hakucheka. Alikuwa anawaza jambo moja. Katika gereji ile, AC zote hupimwa asubuhi, chini ya paa, kwa kuwa hakuna anayetaka kuinamia injini ya moto mchana. Dereva analalamikia mchana, wao wanapima asubuhi. Wangeuonaje ugonjwa?

Akalitoa gari mpaka katikati ya uwanja, juani, akaliacha lingurume na AC ikiwa imewashwa. Jasho likamchuruzika hadi kwenye visigino. Mwanzoni baridi ilitoka vizuri. Halafu, polepole, hewa ikageuka vuguvugu.

Akafungua boneti. Puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, ilikuwa inazunguka, lakini sahani ya klachi mbele yake, ambayo sumaku huivuta ishikane na puli, imesimama tuli, kwa hiyo kompresa, pampu ya gesi ya AC, haisukumi kitu. Akapima gesi: ipo ya kutosha. Akagusisha taa ya kupimia kwenye waya wa klachi: ikawaka. Umeme unafika, gesi ipo, ila klachi haishiki.

"Si nilikwambia imekufa?" shemeji akasema akiwa kivulini.

Mama Barafu akachukua mpini wa ufagio, akakaa mbali na mkanda, akaisukuma ile sahani kidogo kwa ncha. *Tak!* Klachi ikanata, sahani ikazunguka, na ndani ya gari baridi ikarudi.

"Inahitaji kusukumwa tu, shemeji! Sumaku ya klachi ikipata joto inaishiwa nguvu, na sahani imelika, imekaa mbali mno. Haiwezi kuivuta."

Akazima injini, akaisubiri ipoe, akafungua sahani. Nyuma yake kulikuwa na washa, vijipete vya chuma vyembamba kama karatasi, vinavyoitenga na puli. Akatoa kimoja ili sahani isogee karibu, akafunga, akapima kwa geji nafasi iliyobaki. Kisha akalirudisha gari juani, akaketi ndani na dereva, vioo vimefungwa. Wakakaa mpaka jua likaanza kuinama. Baridi haikukatika hata kidogo. Dereva akaanza kusugua mikono.

"Dada, punguza basi, naumwa kifua!"

Shemeji akaja, akaingiza mkono dirishani, akauacha mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji," akasema hatimaye, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "kuanzia leo AC ni zako. Mimi usiniulize."

"Mama Barafu hayeyuki!" fundi wa breki akapaza sauti, akapiga spana kwenye ndoo kama ngoma.

Asubuhi iliyofuata, mteja wa kwanza wa AC alifika gereji ikifunguliwa, akitaka kuhudumiwa haraka. Mama Barafu akapokea funguo, akaliegesha gari pale juani, akamwambia, "Rudi mchana, baba," kisha akaenda kunywa chai.