Waliokaa Nyuma ya Tanga

Siku ya Idi Pili, Bi Hamisa wa Kilindoni alitangaza kwamba jioni anakwenda kutazama onyesho la fataki. Mjukuu wake Arafa alikuwa mbele ya kioo anapaka wanja, na nusura ajitoboe jicho. Tangu babu yake afariki, miaka kumi na miwili iliyopita, bibi huyu hakuwahi kukanyaga penye ngoma, harusi ya kupiga muziki, wala mkutano wa siasa. Leo ndiyo fataki?

Kampuni moja kutoka Dar es Salaam ilikuwa imevusha bahari uwanja mzima wa michezo kwa ajili ya sikukuu: bembea za kuzunguka, jumba la puto la watoto kurukia, na treni ndogo isiyofika popote ila pale ilipoanzia. Baada ya sala ya Isha zingepigwa fataki, na projekta ingerusha picha kubwa za kisiwa kwenye kitambaa kirefu cha shashi kilichowambwa kati ya nguzo mbili. Mji mzima ulikuwa na habari hiyo tangu kumi la mwisho la Ramadhani. Bi Hamisa hakujali hata chembe, mpaka asubuhi ile Arafa alipomwambia kwamba hata watu wa kisiwa cha Jibondo wanakuja, boti mbili, na bibi wa rafiki yake Umi, yaani Bi Hasina, yumo.

Hapo ndipo alipoinuka akaenda kufungua sanduku la nguo. Alikuwa na neno la kumwambia Hasina. Neno lenyewe halikuzidi pumzi moja, lakini alikuwa amelimeza kwa karibu miaka thelathini, na mwaka huu magoti yake yalikuwa yameanza kumwambia kwamba muda wa kulimeza unakwisha.

Ili mtu alielewe neno hilo, inabidi arudi kwenye sinema ya Kombo, na kurudi huko si kazi nzito, maana zilikuwa siku tamu.

Kombo alikuwa bwana mwenye mashine ya sinema na jenereta. Mara mbili tatu kwa mwaka alishuka Kilindoni na makopo yake ya filamu za Kihindi, na mji ukasimama. Skrini hakuwa nayo. Alikuwa akiazima tanga jipya la mashua kutoka kwa mafundi wa Jibondo, analitundika kati ya minazi miwili uwanjani, na watu wanakuja na mikeka yao. Wanaume walikaa mbele ya tanga, wanawake nyuma yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna aliyeihoji. Mwanga ulipenya kitambaa vizuri tu, picha ikaonekana pande zote mbili, na kila upande ukalia na kucheka kivyake.

Ila kwa upande wa wanawake picha ilikuwa imegeuka, na wao hawakujua. Kwa nini wajue? Ndiyo picha waliyokuwa nayo. Maandishi ya mwanzo waliyaona yakianzia kulia kwenda kushoto, wakatulia wakijua ni Kiarabu cha namna fulani, na mama mmoja aliyesoma chuoni mpaka akahitimu Kurani alikuwa akikodoa macho kila mara ajaribu kuyasoma. Alikuwa akipata herufi mbili, basi anafurahi. La ajabu zaidi lilikuwa mkono. Watu wote wa kwenye sinema, watoto, wazee, mapolisi, walikula kwa mkono wa kushoto. Stelingi mwenyewe, kijana mzuri anayempenda mama yake, anakaa kula wali anaufinyanga kwa shoto! Bibi yake Hamisa alikuwa akitikisa kichwa na kusema ndiyo maana mambo ya kijana yule hayamwendei, mtu anakula na shetani kisha ashangae adui kumchomea nyumba. Wanawake wakamwonea huruma stelingi kwa kukosa wa kumfunza, wakamlilia hivyo hivyo.

Hamisa na Hasina walikuwa na miaka kumi na mitano na mkeka mmoja. Walikuwa wakigawana bisi, wakibanana chini ya kanga moja upepo ukivuma, na siku ya pili wakiimba nyimbo za Kihindi kwa maneno ya kubuni. Bi Hamisa amepata mume mwema na watoto watano, anamshukuru Mungu, lakini ukimuuliza ni lini alicheka mpaka mbavu zikamuuma, atakutajia mkeka ule.

Kisha usiku mmoja Hasina hakuja mkekani. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya kaka yake, akaenda kukaa mbele, katikati ya wanaume. Alimwambia Hamisa peke yake, na Hamisa aliona hofu na wivu kwa pamoja, maana yeye asingethubutu.

Siku ya tatu yake wasichana na mama zao walikuwa wamekaa wanasuka makuti, na mazungumzo yakafika kwenye shoto la stelingi, kama kawaida yake. Hasina akasema, bila kuinua kichwa, kwamba stelingi anakula kwa kulia. Wakamcheka. Akashikilia. Hamisa, ambaye kubishana kwake ni ugonjwa wa kuzaliwa mpaka leo, akaapa kwamba ni kushoto. Hasina akamjibu kwamba aape apendavyo, kulia ni kulia. Basi hasira zikampanda Hamisa kwa jambo dogo hilo, na mdomo ukatangulia akili.

"Umeonea wapi wewe?" akasema. "Waambie ulikuwa umekaa wapi. Waambie ulivaa kanzu ya nani."

Mikono yote ikaacha kusuka. Shangazi yake Hasina alikuwa hapo hapo. Hazikupita wiki tatu, Hasina akaozwa kwa Shaibu, kijana wa Jibondo aliyeleta tanga kwa Kombo, kwa kuwa ndiye aliyegundulika kukaa ubavuni mwake usiku ule. Harusi ilikuwa ya haraka na ya kunong'ona. Hamisa hakwenda. Angemtazamaje usoni? Amempeleka mwenzake kwenye kisiwa cha mawe, ambako hata maji ya kunywa yalikuwa yanafuatwa kwa mashua, kwa sababu ya wali wa Mhindi.

Na ingeishia hapo, kama si mumewe kuja na televisheni na deki ya video miaka ya tisini. Kanda ya kwanza ilikuwa ya Kihindi. Stelingi akakaa na mama yake, akaletewa sahani, akaosha mikono, akala. Kwa kulia. Bi Hamisa aliinuka akatoka nje, mumewe akadhani ameungua na chai. Hasina alisema kweli, na yeye alimwangamiza mtu kwa kusema kweli. Tangu hapo, Hasina akija mjini hospitali au sokoni, Bi Hamisa alikuwa akikata uchochoro wa pili. Si kwa chuki. Aibu ilikuwa inamwelemea.

Jioni ile ya Idi Pili alivaa baibui lake jipya, akaenda akiwa ameshikwa mkono na Arafa kama mgonjwa. Mbele ya shashi palikuwa na viti vya plastiki, wanaume na wanawake wamechanganyika, simu juu. Alipita safu baada ya safu akitazama nyuso za wazee. Fataki ya kwanza ikapasuka juu ya minazi, nyekundu, na mzee mmoja mvuvi akasimama akawalaani wapiga baruti wanaoua samaki hata sikukuu, mpaka wajukuu zake wakamketisha. Watu wakacheka sana. Bi Hamisa hakucheka. Boti mbili za Jibondo zilikuwa zimefika, watu wake wamejaa pale, na Hasina hayupo.

Alikuwa karibu kukata tamaa picha zilipoanza. Papa potwe mkubwa na madoa yake akaogelea kwenye shashi kutoka kushoto, taratibu, watoto wakapiga mayowe ya raha. Bi Hamisa akamtazama yule samaki, na ghafla akajua pa kutafuta. Akamwachia Arafa mkono, akazunguka nguzo, akaenda nyuma.

Nyuma hapakuwa na viti. Palikuwa na mikeka michache, na wanawake wanane au tisa wa makamo yake, kila mmoja amejiendea mwenyewe bila kuambizana. Papa potwe alikuwa anakuja kutoka kulia. Hasina alikuwa amekaa pembeni, amenenepa, kanga begani, mkeka wake una nafasi ya mtu mmoja. Bi Hamisa akaketi, magoti yakalia, akamsalimia. Hasina akaitikia bila kumtazama.

Alikuwa amepanga kuanza kwa dua na habari za watoto. Kikatoka kile kile kilichokuwa kooni.

"Shoga, yule alikuwa anakula kwa kulia. Uliona kweli. Mimi ndiye niliyekosa."

Hasina akageuka. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Hamisa akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mimi sikuona alikula kwa mkono gani," akasema. "Mhindi wa dukani alikuwa anakula kwa kulia, nikasema na yule atakuwa hivyo hivyo. Usiku ule macho yangu yalikuwa kwa Shaibu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kanzu yenyewe niliivaa kwa ajili yake."

Bi Hamisa akajipiga paja. Miaka yote hii amebeba mzigo, na mzigo wenyewe ni harusi ya mtu na ampendaye! Akahisi mwili umekuwa mwepesi, akataka kucheka naye. Akamuuliza kama basi hakuwahi kumchukia.

Hasina akaacha kucheka. Fataki zilikuwa zinapasuka mfululizo sasa, za kijani na za dhahabu, na alingoja zipungue ndipo aongee.

"Nilikuchukia. Siyo kwa maneno ya kwenye makuti, yale yalinifaa. Nilikuchukia kwa kuwa hukuja. Nimeolewa hukuja. Nimezaa mara saba hukuja. Nimemzika mwanangu Furaha hukuja. Mwaka juzi amekufa Shaibu, na kila boti ya watu wa msiba ikitia nanga nasimama kutafuta uso wako."

Bi Hamisa akalia, waziwazi, mbele za watu, na wenzao wa mikekani wakageuza nyuso kwa heshima. Akaomba msamaha. Aliomba vizuri, kwa jina la Mungu na kwa jina la mama zao marehemu, akamshika mkono Hasina kwa mikono yake yote miwili.

"Hapa sikusamehe," Hasina akasema, lakini mkono hakuutoa. "Msamaha wa kwenye fataki mimi siutaki. Boti inaondoka asubuhi maji yakijaa. Uje kwangu ukae siku tatu, nikuseme mpaka nichoke. Halafu tutaona."

Asubuhi Arafa alimsindikiza bibi yake mpaka kwenye boti, na nguo za siku tatu ndani ya mfuko. Bi Hamisa alirudi siku ya kumi na tisa, sauti imemkauka kwa maneno, na alikuja kuchukua nguo nyingine tu, arudi Jibondo.